BSA ya 1969, kadi inasema 1996: narekebishaje?

Seremala wa Makorora
Jumapili, saa 3:20 usiku

Wakuu, salaam. Niko Tanga, Makorora, kazi yangu useremala. Nina jambo linaninyima usingizi tangu Jumatano.

Mdogo wangu anaishi Uingereza. Mwaka juzi alinipatia pikipiki ya zamani, BSA A65 Thunderbolt, injini ya cc 650, kutoka kwa mzee mmoja ambaye magoti yalishamkatalia kupiga kiki. Akaisafirisha ndani ya kontena pamoja na vyombo vyake vya nyumbani, ikashukia bandari ya Dar es Salaam. Kazi ya klering nilimpa mtu niliyeelekezwa na rafiki. Kodi ililipwa, namba za MC zikatoka, kadi ikatoka, na pikipiki ikaja Tanga juu ya Fuso lililobeba mabati, imesimamishwa katikati ya magodoro mawili. Mimi nilikaa mbele na dereva. Kila tuliposimama, Chalinze, Segera, nilishuka kuzishika kamba kama zimelegea.

Siku nilipokabidhiwa kadi nilisoma jina langu, nikaona sawa, nikaitia kwenye bahasha. Sikusoma mengine. Jumatano nimekwenda kukata bima, binti wa pale akaniuliza pikipiki ni ya mwaka gani. Nikamjibu sitini na tisa. Akaigeuzia kadi kwenye mwanga, akasema, "Baba, hapa pameandikwa 1996."

Wakuu, A65 ya mwaka 1996 haipo duniani. Mtindo huu ulianza kutengenezwa 1962 ukaisha 1972. Kadi yangu inataja kitu ambacho hakikuwahi kuundwa.

Najua 1996 imetoka wapi. Kwenye karatasi yake ya usajili ya Uingereza, ile V5C, pana mstari wa tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza Uingereza, na tarehe yenyewe ni ya Juni 1996. Pikipiki hii iliuzwa ikiwa mpya Marekani, ikakaa huko miaka mingi, ndipo mtu mmoja mwenye mapenzi nayo akairudisha. Kwa hiyo 1996 ni mwaka iliorudi kwao, si mwaka iliozaliwa. Aliyejaza fomu aliiona tarehe hiyo kwanza, akaichukua.

Najua wapo watakaosema mwaka ni tarakimu tu. Kwangu sivyo. Nikiuziwa mbao nikaambiwa mvule kumbe ni mti mwingine, hata kama mlango utasimama, nimedanganywa, na nitakayemuuzia mlango nitakuwa nimemdanganya. Halafu kuna baba yangu. Alikuwa fita wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kwenye shamba moja upande wa Muheza, na miaka ya sabini alikuwa akitembelea BSA ya shamba. Mimi nilikaa juu ya tangi, nimeshika usukani katikati ya mikono yake. Leo ana miaka 81. Hii ilipofika aliweka kiganja juu ya tangi akakiacha pale muda mrefu bila kusema neno. Sitaki kesho wanangu warithi kadi inayosema pikipiki ya babu yao ni ya 1996.

Na barabarani nako nimeshaonywa. Askari mmoja wa trafiki, mtu mzima, mstaarabu, alinisimamisha njia ya Pongwe, akaitazama kadi, akainama akaitazama injini, akasema, "Mzee, karatasi hii na chuma hiki si ndugu. Karekebishe."

Naomba mwenye kujua aniambie: kadi ikishatoka, mwaka unarekebishika? Naanzia mlango gani? Na ushahidi wa umri wa pikipiki kama hii ni upi? Maana mzee aliyeuza alisema 1969, na duka la vipuri la huko Uingereza kila nikiwaandikia wananijibu kwamba yangu ni ya 1970. Sasa nisije nikafuta uongo mmoja nikaandika mwingine.

Dogo wa Kange
Jumapili, saa 3:58 usiku

Shikamoo mzee. Mimi naendesha boda hapa stendi ya Kange. Boxer yangu ni nyeusi na kadi imeandikwa nyekundu, mwaka wa tatu huu hakuna aliyenisumbua. Ila kwa mwaka naona una haki, umepishana sana. Nilifundishwa kwamba kwenye namba ya chesisi unahesabu mpaka herufi ya kumi, hiyo ndiyo inasema mwaka. Jaribu hiyo.

Fundi wa Ngamiani
Jumapili, saa 4:15 usiku

Dogo, umesema jambo la kweli lakini si la pikipiki hii. Herufi ya kumi ni kwa zile namba ndefu za tarakimu 17, na mpangilio huo ulishika kuanzia 1981. Hapo B ni 1981, C ni 1982, na kuendelea. Hata kwenye hizo, si kila kiwanda nje ya Marekani huweka mwaka pale. BSA ilikufa kabla namba hizo hazijazaliwa.

Na wewe karekebishe rangi kwenye ile kadi yako, siku ikiibwa utaeleza vipi kwamba nyeusi ndiyo yako?

Kaka Seremala, tuanze na chuma, karatasi baadaye. Kwenye A65 kama yako, namba ya injini iko ubavu wa kushoto, chini kidogo ya pale silinda inapokalia. Namba ya fremu, ndiyo hiyo chesisi, itafute kwenye sikio la mbele la kushoto linaloshika injini. Chukua mafuta ya taa kidogo na mswaki wa zamani, lainisha uchafu, pangusa kwa kitambaa. Halafu sugua chaki nyeupe juu ya namba na upanguse taratibu kwa kidole. Chaki itabaki ndani ya herufi na utasoma kama umeandikiwa ubaoni. Piga picha mchana, jua likiwa la pembeni.

Ninalokusihi ni hili: usiguse pale kwa msasa, wala brashi ya waya, wala grenda. Nimeona mtu ameing'arisha namba mpaka inameta kwa nia njema kabisa, alipofika kwa mkaguzi akaulizwa ameiba wapi. Chuma kilichokwanguliwa kinajishitaki chenyewe.

Ukishasoma, linganisha na kadi herufi kwa herufi. Usitazame mwaka peke yake.

Seremala wa Makorora
Jumatatu, saa 12:40 jioni

Marahaba Dogo, na asante Fundi. Nimefanya ulivyosema, nikatumia chaki ninayochorea mbao. Nimepata haya:

Injini: XD, kisha tarakimu tano, kisha A65T.
Fremu: XD, tarakimu zilezile tano, kisha A65T.

Zinafanana moja kwa moja. Nilishukuru Mungu hapo hapo nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi la randa.

Lakini Fundi, ulivyoniambia nilinganishe na kadi, nimekuta jambo la pili. Kadi haina XD. Wameanza na tarakimu wakamalizia A65T, kwenye chesisi na kwenye injini. Nikafungua karatasi za klering, nako XD haipo. V5C ya Uingereza inayo. Kwa hiyo herufi zilipotea pale ilipojazwa fomu ya forodha. Mbili tu, lakini chuma kinasema kimoja na kadi inasema kingine.

Mtanga wa Birmingham
Jumatatu, saa 5:05 usiku

Kaka, habari za nyumbani. Mimi ni mtu wa Mikanjuni, niko Birmingham miaka 14, na hapa ninapokaa mpaka Small Heath, kilipokuwa kiwanda cha BSA, ni safari fupi ya basi. Nilipoona XD nimeshindwa kulala bila kukuandikia, kwa sababu hizo herufi mbili walizokukatia ndizo tarehe ya kuzaliwa kwa pikipiki yako.

Kuanzia msimu wa 1969, BSA na Triumph walipiga herufi mbili mbele ya namba. Ya kwanza ni mwezi: A ni Januari, B Februari, C Machi, D Aprili, E Mei, G Juni, H Julai, J Agosti, K Septemba, N Oktoba, P Novemba, X Desemba. Waliruka herufi kadhaa njiani, ndiyo maana Desemba ikaangukia X. Herufi ya pili ni mwaka: C ni 1969, D ni 1970, E ni 1971, G ni 1972.

Sasa usikimbilie kusema yako ni Desemba 1970. Herufi ya pili ni mwaka wa msimu wa mauzo, si wa kalenda. Msimu wao ulianza Agosti, likizo ya kiwanda ikishapita. Pikipiki iliyoundwa Agosti 1969 ilikuwa tayari inaitwa ya 1970, kwa kuwa ndiyo iliyokusudiwa kuuzwa mwaka huo. Kwa hiyo X ni Desemba, D ni msimu wa 1970, na Desemba iliyomo ndani ya msimu wa 1970 ni Desemba 1969.

Mzee aliyekuuzia alisema kweli. Duka la vipuri nao wamesema kweli. Ukiagiza gasketi, kebo au breki, sema 1970, maana vipuri hufuata msimu. Ukiulizwa mwaka wa kutengenezwa, sema 1969.

Na chuma chenyewe kinathibitisha. Ya msimu wa 1971 ingekuwa na fremu inayobeba oili ndani yake. Yako naamini ina tangi la oili la pembeni, peke yake. Au sivyo?

Mambo mengine matatu ya kutazama. Kwenye V5C, achana na zile tarehe za juu, tafuta sehemu ya maelezo maalumu. Pikipiki ikisajiliwa hapa ikiwa tayari ni kuukuu, mara nyingi pale huandikwa kwamba imetangazwa kuwa ilitengenezwa mwaka fulani. Pili, kibao chake cha namba cha Uingereza, kama mdogo wako alikiacha, kinaishia na herufi gani? Kama ni H, hiyo ni herufi ya Agosti 1969 mpaka Julai 1970. Pikipiki mpya kweli ya Juni 1996 ingekuwa na N mwanzoni. Tatu, ipo klabu ya pikipiki za kale inaitwa VMCC, ilianzishwa 1946, nayo inatunza vitabu vya kiwanda vya BSA. Unawalipa ada, unawatumia picha za namba, wakiikuta vitabuni wanakuandikia cheti chenye tarehe iliyotoka kiwandani na ilikopelekwa. Nikiweza nitakusaidia kufuatilia.

Seremala wa Makorora
Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Ndugu yangu wa Mikanjuni, Mungu akuzidishie. Tangi la oili liko pembeni, upande wa kulia, peke yake. Kibao cha namba ninacho, nimekitundika karakana, na herufi ya mwisho ni H. Na V5C nimeisoma ukurasa kwa ukurasa na miwani ya baba: kwenye maelezo maalumu imeandikwa kwamba imetangazwa kuwa ilitengenezwa 1969. Mstari mmoja mfupi, chini, wino uleule. Ulikuwepo siku zote, mle mle kwenye karatasi aliyokabidhiwa mtu wa klering.

Nimekaa nao mstari huo kwa muda. Nimeupigia mstari kwa penseli kwenye nakala, siyo kwenye halisi.

Sasa nabaki na mlango wa kuanzia.

Mama Chumbageni
Jumanne, saa 4:10 asubuhi

Mwanangu, mimi nimefanya kazi za klering miaka 22, Tanga na Dar, nimestaafu nauza vitenge. Kosa lako nimeliona mara nyingi kwenye magari, na asili yake ni moja. Fomu ina nafasi moja ya mwaka. Karatasi ya nje ina tarehe tatu au nne. Kijana ana faili arobaini mezani, anachukua tarehe iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kwa magari ya Japani hivyo hivyo, cheti chao cha kusafirishia huonyesha mwezi wa usajili wa kwanza, na watu huuchukulia kuwa mwaka wa kuundwa. Kwa gari la miaka kumi tofauti ni ndogo. Kwa pikipiki yako ni miaka 27.

Sikiliza vizuri. Usianze na kadi. Kadi ni tawi, shina ni kadhia ya forodha, yaani ile fomu ya forodha iliyojazwa mzigo ulipoingia, kwa sababu taarifa za usajili zinatoka huko. Ukienda kuomba kadi ibadilishwe huku kadhia inasema 1996 na chesisi haina XD, afisa atakufungulia kompyuta akuonyeshe kwamba kadi iko sawa na kadhia, na atakuwa na haki. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni yule wakala aliyeingiza kadhia. Yeye ndiye anayeomba marekebisho kwa jina lake. Nenda kwa upole, na karatasi mkononi. Usiende na ugomvi, unamhitaji aandike barua, na mtu aliyetukanwa haandiki barua nzuri.

Mlango wa pili ni ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, ya mkoa, hapo hapo Tanga. Barua iwe ukurasa mmoja. Kichwa chake kiseme unaomba marekebisho ya mwaka wa kutengenezwa pamoja na namba ya chesisi na injini. Yote kwa pamoja, usirudi mara mbili. Aya ya kwanza: kadi inasema nini. Ya pili: sahihi ni nini. Ya tatu: orodha ya viambatisho. Basi. Habari za mzee kukaa juu ya BSA ya shamba nimezipenda, zimenitoa machozi, lakini zibaki nyumbani.

Viambatisho: nakala ya kadi, kadhia, risiti za malipo, hati ya kusafirishia mzigo, V5C pande zote, picha za namba zenye chaki, kitambulisho chako cha NIDA na namba ya mlipakodi. Cheti cha hiyo klabu kikipatikana, weka juu kabisa. Nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, na kadi halisi usiiache mezani kwa mtu bila maandishi.

Kwa kuwa namba ya chesisi nayo inaguswa, tegemea kuambiwa pikipiki ikaguliwe, na polisi pia. Usione ni usumbufu. Wewe ndiye unayetaka wakaitazame. Omba mwenyewe kabla hawajakuomba.

Kuhusu kodi, najua ndilo linalokuogopesha ingawa hukuuliza. Umri hubadilisha hesabu ya kodi kwa vyombo vilivyotumika, ndiyo maana mwaka ni jambo zito kwao, na ndiyo maana ukiomba kubadili lazima waulize kwa nini. Lakini yako, iwe ya 1996 au ya 1969, ni kuukuu vilevile, umri ilishauvuka zamani. Anayetia shaka ni yule anayeomba gari lake liwe jipya zaidi. Wewe unaomba lako liwe la zamani zaidi.

Na mpaka limalizike, usiuze, usibadilishe jina, usiazimishe.

Seremala wa Makorora
Jumanne, saa 8:00 mchana

Shikamoo mama. Nimeyaandika yote kwenye daftari la vipimo. Habari ya baba nimeitoa kwenye barua. Ilikuwa imeshaingia aya nzima.

Mzee wa Muheza
Jumanne, saa 2:45 usiku

Mwanangu Seremala, mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye mashamba ya mkonge. Hizo BSA nazikumbuka, za kwetu zilikuwa ndogo, Bantam, injini ya mipigo miwili, sauti yake nyembamba ukiisikia kutoka ng'ambo ya mkonge. Kitabu cha stoo tuliandika namba ya fremu na namba ya injini, zote mbili na herufi zake, kwa sababu injini zilihamishwa kutoka pikipiki moja kwenda nyingine zikiharibika. Pikipiki ukiikuta injini na fremu zina namba moja mpaka leo, ujue hawajaichanganya. Mpe baba yako salamu. Mwambie karani wa stoo anamsalimu, ataelewa ni wa aina gani hata kama si shamba moja.

Seremala wa Makorora
Wiki saba baadaye, Alhamisi, saa 1:15 usiku

Wakuu, nimerudi kuwapa majibu, maana niliomba msaada wenu na mkanipa.

Wakala nilimfuata Dar mwenyewe, basi la saa 12 asubuhi. Nilifanya alivyosema mama. Nilimwekea V5C mezani, nikaweka kidole kwenye ule mstari wa maelezo maalumu, nikanyamaza. Alisoma mara mbili. Akaomba radhi, akaanza kuandika palepale. Sina kinyongo naye.

Cheti cha VMCC ndugu yetu wa Birmingham alinifuatilia, na hapo nilipata mshtuko mdogo. Vitabu vinaonyesha pikipiki ilitoka kiwandani Januari 1970, ikapelekwa Nutley, New Jersey, walipokuwa wasambazaji wa BSA wa upande ule wa Marekani. Januari 1970! Nikakaa siku mbili nikijiuliza kama nimebomoa mwenyewe. Nikampigia mama (tulishapeana namba pembeni), akaniambia, "Soma swali la fomu. Linauliza imetengenezwa lini au imetoka getini lini?" Mlango nikiumaliza Desemba na mteja akauchukua Januari, nimeutengeneza Desemba. Niliambatisha cheti hivyo hivyo, bila kuficha, na kwenye barua nikaongeza sentensi moja: alama ya kiwanda inaonyesha Desemba 1969, vitabu vinaonyesha kutoka kiwandani Januari 1970, na V5C inatamka 1969.

Afisa aliyeshika faili langu alitoka nje kuitazama. Niliipeleka nimeisukuma, sikuiwasha, kwa kuwa bima bado. Kutoka Makorora mpaka mjini jua la saa nne, kilo karibu mia mbili, wanangu wawili wakisukuma nyuma. Nilikuja na chaki mfukoni. Akajaza chaki mwenyewe, akasoma kwa sauti, X, D, na zile tarakimu, msaidizi wake akaandika. Akauliza mbona breki iko mguu wa kushoto na gia mguu wa kulia. Nikamweleza ndivyo Waingereza walivyozipanga enzi hizo. Mkaguzi wa polisi naye alisoma, akasaini.

Kadi mpya nimeichukua leo. Mwaka wa kutengenezwa: 1969. Chesisi na injini: XD zote mbili zipo. Nimesoma kila mstari nikiwa bado nimesimama kaunta, mpaka rangi. Bima nimekata saa nane mchana.

Baba ameishika kadi akauliza X ni nini. Nikamwambia ni Desemba. Akasema, "Desemba ile mimi nilikuwa napaka grisi korona."

Mama Chumbageni
Alhamisi, saa 1:50 usiku

Alhamdulillah. Kadi ya zamani wameichukua? Kama walikurudishia, isikae pamoja na mpya. Na karatasi hizi zote tengeneza nakala mbili, moja ikae kwa mdogo wako huko.

Seremala wa Makorora
Alhamisi, saa 2:05 usiku

Wameichukua mama, nikasaini. Nakala nitatuma kesho.

Fundi wa Ngamiani
Alhamisi, saa 2:30 usiku

Hongera kaka. Kabla hujaiwasha: betri umeifunga mwenyewe au kuna mtu amekufungia? Pikipiki hiyo waya wa chanya ndio unaokwenda kwenye bodi, si hasi kama hizi tulizozoea. Vijana wakiifunga kwa mazoea wanaunguza daiodi ya kudhibiti chaji, na hiyo huipati Tanga. Na spana zako za milimita ziache, zitamung'unya vichwa vya nati. Ninazo za inchi.

Seremala wa Makorora
Alhamisi, saa 2:41 usiku

Betri alifunga kijana wa jirani. Sijawasha tangu hapo. Naichomoa sasa hivi, na Jumamosi saa 2 asubuhi nitakuwa kwako Ngamiani na pikipiki, nimeisukuma.